Paa Lililo Kwenye Picha

Fundi wa mabati alikuwa akinywa chai ya asubuhi huku mkewe akipiga pasi. Redio ilikuwa ikizungumzia vita na nchi jirani, iliyodaiwa kuficha silaha za kutushambulia. Binti yao wa pekee, ambaye mama yake humwita "afande wangu", alikuwa dereva jeshini. Zilibaki siku kumi kikosi chake kivuke mpaka.

Wiki nzima mtaa ulikuwa umepoa. Watu waliongea chini chini, kama wako msibani. Tena kila mtu alisema maneno yaleyale ya redio: "Ushahidi upo, ila ni siri." Muuza mkaa aliyasema. Kinyozi aliyasema. Siku moja fundi alijisikia mwenyewe akiyasema.

Asubuhi hiyo gazeti lilitoa picha iliyopigwa kutoka angani. Liliandika kuwa ni ghala la silaha la nchi jirani. Fundi aliitazama, kikombe kikabaki hewani. Paa lilikuwa na viraka vitatu na bati moja lililopinda.

"Mke wangu," alisema taratibu, "hili paa nililiziba mimi."

Lilikuwa paa la kiwanda cha ngozi kilichofungwa zamani, nusu saa kwa miguu kutoka kwao. Wakaenda. Ndani mlikuwa mtupu. Popo walining'inia kimya. Viraka vitatu vilikuwa palepale.

Walirudi wakiwa na hofu, wakapitia kwa jirani yao anayefanya kazi maktaba. Akawasikiliza mpaka mwisho.

"Serikali inaweza kuficha jina la aliyeleta habari, asije akauawa," alisema. "Lakini sababu ya kupeleka watoto wetu vitani si ya kufichwa. Mna haki ya kuuliza: nani aliihakiki habari hii? Wapelelezi wenyewe walikuwa na shaka gani?"

"Wakituita wasaliti, dada?" mke aliuliza.

"Kuuliza si usaliti. Andikeni mlichokiona, msiongeze chumvi. Mpelekeeni mbunge, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa."

Wakaandika ukurasa mmoja. Mbunge aliupeleka kwenye kamati ya ulinzi ya Bunge. Kamati ikadai ripoti nzima ya wapelelezi, ikaisoma milango ikiwa imefungwa. Zikiwa zimebaki siku mbili, safari ya jeshi ilisimamishwa. Baadaye ripoti ilitolewa kwa wananchi, majina ya watoa habari yakiwa yamefutwa kwa wino mweusi. Bunge nalo likapitisha sheria: hakuna askari atakayevuka mpaka kabla kamati haijaiona ripoti nzima.

Binti alirudi likizo. Mchana ule mama yake aliwasomea ripoti kwa sauti. Wapelelezi walikuwa wameandika "hatuna uhakika" mara kumi na moja. Redioni maneno hayo hayakutajwa hata mara moja.

Binti alisema gari lake ndilo lililopangwa kutangulia kuvuka mpaka. Kisha akaenda kulala. Mama yake alisimama mlangoni muda mrefu, akimsikiliza anavyopumua.