Ombi Lako Linashughulikiwa

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, na kopo la mwisho la vanishi lilishikwa na watu wawili kwa pamoja: fundi seremala mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, na mwalimu wa ujasiriamali wa chuo cha ufundi, nadhifu ndani ya gauni lake la kijani.

"Chukua, dada," fundi alisema. "Ila uniachie namba ya simu."

"Kumbe wema wako una bei?"

"Kwako wewe tu."

Mwalimu alicheka, moyo ukamwenda mbio, akataja namba iliyokuwa karibu na ulimi. Masikini, hiyo ilikuwa ya duka la mtandaoni ambalo wanafunzi wake walilifungua kama mradi wa darasa, wakiuza viti walivyounda wenyewe. Wiki nzima alikuwa akiitangaza. Simu yenyewe waliishika wanafunzi, kwa zamu.

Jioni fundi aliandika: "Mrembo wangu, tangu tuachane kila msumari unapinda. Nikuone lini? Karakana yangu iko nyuma ya kituo cha mabasi."

Akajibiwa: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Ombi lako linashughulikiwa. Je, ungependa kiti chenye mgongo au stuli?"

Fundi aliona amefanywa kichekesho, akajibu mara moja kwa uchungu, kisha hakuandika tena. Mwalimu naye alisubiri simu isiyolia, akamwita muongo, kisha akalia, maana alikuwa amempenda.

Siku ya kuwasilisha miradi, binti mmoja alionyesha ukutani ujumbe wa wateja.

"Changamoto yetu ni huyu, mwalimu. Tulimuuliza kiti, akaandika, 'Kama hunitaki, sema tu.' Tumekosea wapi?"

Mwalimu alisoma kuanzia "kila msumari unapinda", akashika meza.

"Hamjakosea. Huyo si mteja wenu. Ni wangu mimi."

Darasa likaangua kicheko. Yeye alishachukua mkoba.

Kule karakana, randa ya kulainishia mbao ilinyamaza fundi alipopokea simu.

"Nani?"

"Wa vanishi. Nilikupa namba ya darasa kwa kupitiwa. Wanafunzi ndio waliokujibu. Mimi nilikuwa nakungoja, baba, mpaka nikakuchukia."

Fundi alijifuta vumbi usoni.

"Bado unanichukia?"

"Ningekuchukia nisingefunga darasa mchana huu."

"Uko wapi, mpenzi?"

"Mlangoni kwako. Mbwa wako hataki nipite."

Fundi alitoka mbio, kiatu mguu mmoja.