Mtu wa Ghorofa ya Tano

Saa kumi na mbili jioni nilifika mtaa wa Pipeline kumsaidia dada yangu Ndunge kuhama. Nguzo za jengo lao zilikuwa na nyufa na wapangaji wote walitakiwa kutoka kabla ya giza. Mumewe, Muthama, ndiye msimamizi wa jengo. Alisimama langoni na daftari, akitia alama kila jina.

“Wote wametoka,” alisema.

“Bado mmoja,” alisema Wangu.

Wangu ni mhandisi. Alikuwa amekalia godoro la mtu, kompyuta mapajani. Wiki mbili nyuma alibandika vitambuzi kwenye nguzo. Vilinasa mitetemo na kutuma nambari tupu. Akili unde ilizisoma, kisha ikaandika ilichoelewa.

Iliandika: *Mtu mmoja. Ghorofa ya tano. Anatembea.*

“Hiyo ni panya,” Muthama alisema.

“Panya wa kilo sitini, boss?”

Muthama hakucheka. Alimpa Ndunge daftari.

“Baba Mwende, usiingie,” dada alimnong'oneza mumewe.

“Likianguka na mtu ndani, nitamwambia Mungu nini?”

Akaingia.

“Hiyo kitu huwa na uhakika?” nilimuuliza Wangu.

“Hubahatisha. Ikikosa jibu, wakati mwingine hutunga.”

“Ungemwambia!”

Alikuwa akisoma.

*Watu wawili. Mmoja anapanda ngazi. Mmoja amesimama.*

Nikasikia viatu vya Muthama juu, vikienda chumba hadi chumba. Mlango. Mlango mwingine… Kisha kimya.

*Wote wawili wamesimama. Chumba kimoja.*

“Baba Mwende!” Ndunge aliita.

*Wanashuka.*

Viatu vilisikika tena kwenye ngazi. Jozi moja. Polepole.

Muthama akatokea mlangoni. Peke yake.

“Nimeangalia kila chumba,” alisema. “Hakuna mtu.”

Ndunge alimkumbatia, akilia na kucheka. Halafu akarudi nyuma hatua moja.

“Mbona umeinama hivyo?”

“Mgongo tu. Umekuwa mzito.”

Alinuka simiti mbichi. Jengo hilo lina miaka kumi na moja.

Nilitazama kompyuta.

*Jengo halina mtu.*

Nikahesabu. Alikuwemo mmoja. Akaingia wa pili. Niliona mmoja akitoka.

Wangu alifunga kompyuta.

“Leo watalala wapi?” aliniuliza kwa sauti ya chini.

“Kwangu, mtaa wa Huruma.”

Alinitazama, kisha akamtazama Muthama, aliyekuwa tayari ananingojea barabarani.