Sabuni ya Mama Mkwe Kwenye Gurudumu

Gurudumu la mbele lililia kama mbuzi aliyesahauliwa nje, likafuka moshi, na dereva akakanyaga breki katikati ya jangwa. Vumbi la asubuhi lilikuwa limefuta alama zote za magari. Dumu la maji lilishafika chini ya nusu, kisima kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, na aliyeketi pembeni yake ni mama mkwe, miguu imevimba. Huko mbele mke wa dereva alikuwa hospitali, anakaribia kujifungua.

Akalifungua gurudumu. Grisi ikamwagika kama uji wa mgonjwa.

"Ulitia nini humu, baba?" mama mkwe akauliza.

"Grisi mbili, mama. Nyekundu na nyeusi. Nilisema umoja ni nguvu."

"Umewaozesha wasiopatana! Moja moja zingekaa. Pamoja zimekimbiana."

Dereva akajikuna kichwa. Fundi alishamwambia: grisi ni mafuta tu, sabuni ndiyo inayoyashika. Dereva aliporudia maneno hayo, mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka thelathini anapika sabuni, yule mama! Na kwenye kikapu alikuwa na vipande vitatu vya kumwogeshea mjukuu.

Wakavunja kreti la mbao lililokuwa garini, wakawasha moto. Oili ya akiba ikaingia sufuriani, na kipande kimoja kilichoparuzwa kikafuata. Ikatoa povu, ikatulia, ikapoa. Dereva akainua kijiko: tiii, ikatiririka.

"Sabuni kidogo," mama akasema, akaparuza cha pili. Mkono wa dereva ukaenda kwenye kopo la grisi ya zamani. "Nichanganye na hii, iwe nyingi?"

Akapigwa mwiko vidoleni. "Hujakoma?"

Safari hii wakaipoza polepole, wakikoroga bila kuacha, jasho likidondoka, maji wakinywa kwa kifuniko. Mama akageuza kijiko chini juu. Haikudondoka. Akaisukuma kwa kidole, ikateleza kwa hiari yake.

"Ukiiacha inakaa, ukiisukuma inatembea. Kama mkwe mwema."

Dereva akaosha beringi ya gurudumu kwa dizeli mpaka ikang'aa, akaipaka, akafunga. Gurudumu likazunguka kimya. Mama akaonyesha jua lilipoelekea: "Liache kushoto kwako." Wakaenda taratibu, wakiimba ovyo, wakigusa kitovu cha gurudumu kila wakisimama: vuguvugu tu. Kisimani walikunywa mpaka matumbo yakajaa pomoni.

Walifika hospitali adhuhuri ya kesho yake. Mtoto wa kike, ana saa mbili duniani, analia kuliko beringi. Dereva akanyoosha mikono, nesi akaruka nyuma: myeusi mpaka viwiko!

"Sabuni hapa imekwisha," nesi akasema.

Mama mkwe akaingiza mkono kikapuni, akatoa kipande cha tatu.

"Kinawaogesha wawili hiki," akasema. "Anza wewe, mkubwa ndiye mchafu."