Mkono wa Pazi

Miaka ile ya hamsini, ua wa Bimdogo pale Bagamoyo haukukaukiwa watu. Asubuhi ungesikia vijana wakifua nazi na kutaniana, na wanawake wakiimba huku wakianika nazi juani ziwe mbata. Kazi ile aliianza marehemu mumewe. Alipofariki, Bimdogo aliishika mwenyewe.

Watu walimpenda. Adhuhuri alipakua wali kwa mchuzi wa papa, akala nao pamoja. Sikukuu ikifika, kila mmoja alipata kanga au kikoi.

"Hapa hakuna tajiri wala kibarua," alizoea kusema. "Sisi sote ndugu."

Mfua nazi hodari kuliko wote alikuwa Pazi, kijana wa Kaole. Siku moja mvua ilinyesha, nazi zikawa na utelezi. Moja ikamponyoka, kiganja chake kikatua juu ya kifuo, ule mti wenye ncha ya kufulia nazi. Damu ikaruka. Bimdogo alichana kanga yake mwenyewe akamfunga, kisha akamtafutia mwenye baiskeli wa kumrudisha kwao. Kesho yake akampelekea halwa. Halafu akamwajiri kijana mwingine, Kibwana, mahali pake. Kazi haikusimama, naye Bimdogo aliona ametenda wema.

Wiki ile ile akaja Salumu, mtoto wa kaka yake. Alikuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, na alikuwa mtu wa mbele katika chama cha wafanyakazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Salumu akaangaza uani. "Mbona simwoni Pazi?"

"Masikini, kaumia mkono. Nimempelekea halwa."

"Na hospitali, nani kampeleka?"

Bimdogo akainama kugeuza mbata.

"Mshahara je, anaupata?"

"Mshahara wa nini, naye hafanyi kazi? Salumu, usiniletee mambo ya bandarini. Pazi ni kama mwanangu."

"Najua, shangazi, ndiyo maana nakwambia. Halwa ni hisani. Ukipenda unatoa, usipopenda huulizwi. Lakini mtu akiumia akiwa kazini kwako, sheria inakutaka wewe mwajiri umtibishe. Akiwa anauguza jeraha, asikatiwe riziki yake. Na akibaki na kilema, ana haki ya fidia. Hayo hayangoji moyo wako upende."

Maneno yale yalimchoma. Akavaa buibui lake, wakaenda Kaole pamoja.

Walimkuta Pazi barazani, mkono umevimba. Mkewe, Ashatu, alikuwa akimfungia nguo zake katika kitambaa.

"Safari ya wapi?" akauliza Bimdogo.

"Lugoba, mama, kwa mjomba wake," akajibu Ashatu. "Akatafute kazi huko. Hapa nafasi yake imeshapata mtu."

"Kwa nini hamkuja kuniambia?"

Pazi akainamisha uso. "Ulishatuletea halwa, mama. Tuliona haya kutaka zaidi."

Hapo Bimdogo akalia. Alikumbuka siku zote walizokula sahani moja. Akaona kwamba hisani yake ndiyo iliyomziba Pazi mdomo.

"Fungua mzigo huo, mwanangu," akamwambia Ashatu. "Kosa ni langu. Twendeni hospitali."

Daktari alisema wangechelewa zaidi, mkono ungekatwa. Bimdogo aligharimia matibabu. Kila wenziwe Pazi walipolipwa, Pazi naye alipelekewa chake nyumbani. Alipopona, vidole viwili vilibaki vigumu. Alilipwa fidia, akarudi uani kusimamia uanikaji wa mbata. Kibwana naye hakuondolewa.

Kisha Bimdogo aliwakusanya wote. "Anayeumia aseme," akawaambia. "Anayeugua aseme. Na kila mtu ana siku yake ya kupumzika. Si zawadi yangu hiyo, ni haki yenu."

Mwanzoni walitazamana tu. Wengi walikuwa wamezoea kuficha homa na kuja hivyo hivyo.

Siku hizi ua ule umeota nyasi. Waliofanya kazi pale wanaukumbuka kwa hamu: wali wa papa, nyimbo, utani wa vijana. Lakini wakimtaja Bimdogo, kwanza husimulia ile asubuhi Kibwana alipokuja akitetemeka kwa homa, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Leo siwezi kazi."

"Marahaba. Nenda hospitali, baba. Nafasi yako hapewi mtu."