Sigara za Bwana Vostel

"Mbogo, unanipata?"

Maduhu aliisogeza redio ya Filipsi sikioni kama mchimbaji anayesubiri taarifa ya habari. Ndani yake Idara ya Usalama, iliyomtuma hapa kwa jina la siri la Mbogo, ilificha mtambo wa mawasiliano.

"Nakupata, Daktari."

"Majibu ya maabara yametoka. Usivute tena hizo sigara. Narudia, usivute."

Maduhu akaitazama iliyokuwa ikiwaka kati ya vidole vyake. Akavuta pafu moja zaidi, ndipo akaizima. Aliona aibu.

"Zina nini?"

"Ubongo una vipokezi, vitasa vidogo," alisema Daktari Salvina kutoka Shinyanga mjini. "Nikotini hufungua chake, nacho huamsha kitasa jirani, kile cha afyuni. Raha ya sigara inatoka hapo. Huyu Vostel ametia dawa inayofungua hicho cha pili moja kwa moja. Vitasa viwili vinasukumana. Nia peke yake haitoshi kuacha."

"Na mimi?"

"Umevuta wiki nzima. Usimwamini mtu hapo, ukianza na wewe mwenyewe."

Ilikuwa 1984, machimbo ya porini, upande wa Geita. Bwana Vostel, mgeni aliyewagawia wachimbaji sigara hizo bure, alikuwa akipakia dhahabu kwenye Land Rover. Ndege ndogo aina ya Cessna ilimsubiri nje ya Ushirombo. Ikiruka, dhahabu ingekwenda ng'ambo, na vijana wa machimbo wangebaki watumwa wake.

Polisi walikuwa Nyahanga, mbali mno.

Maduhu alikuwa na bastola ya Browning kiunoni. Lakini wachimbaji walimzunguka Vostel, sururu mikononi, wakingoja pakiti. Yeyote ambaye angemgusa mgawaji wao angefukiwa kwenye duara, shimo lile lile walilochimba.

Jasho lilimtoka. Lilikuwa jasho la kiu ya sigara, wala hakujidanganya.

Vostel akamwona. Akatabasamu, akamnyooshea sigara. "Karibu, rafiki. Unatetemeka."

Maduhu aliitaka. Mungu wangu, aliitaka. Mkono wake ukaipokea kabla hajaamua.

Hapo akakumbuka kitu kilichomkera tangu siku ya kwanza. Usukumani mtu akikukaribisha pombe au tumbaku, huonja yeye kwanza, usije ukamdhania mchawi. Vostel aligawa sigara kila siku, lakini mdomoni mwake hakuweka ila kiko chake.

Akamgeukia Mageni, mzee wa duara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Hivi huyu bwana amewahi kutuonjea?"

Mageni akafikiri. Sigara yake ikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Mgeni huyo. Hajui desturi."

"Basi leo ajue." Maduhu akamrudishia Vostel ile sigara. "Onja kwanza, Bwana. Pafu moja tu."

Vostel akacheka peke yake. "Mimi navuta kiko. Sigara zinaniumiza kifua."

"Pafu moja haliui," alisema Mageni taratibu. "Au linaua?"

Sururu zikaacha kugongana. Wachimbaji wakatazamana, kisha wakatazama vidole vyao vilivyokuwa vikitetemeka, kila mmoja kana kwamba anaviona leo. Uso wa Vostel ukabadilika rangi. Mkono wake ukazama ndani ya koti.

Ulipotoka na bastola, Browning ya Maduhu ilikuwa tayari kwenye shavu lake.

"Iangushe."

Akaiangusha. Hakuna hata mtu mmoja aliyenyanyua sururu kumtetea.

"Ng'wanawane, tumelishwa nini?" Sauti ya Mageni ilikatika. "Na sasa tutafanyaje? Mwili unaidai."

"Daktari anakuja na dawa. Tutateseka wote, mzee. Hata mimi."

Maduhu akamfunga Vostel pingu, akamketisha garini juu ya dhahabu yake, akafungua redio.

"Mbogo hapa. Ndege haina abiria. Lete dawa za machimbo mazima."

"Na wewe ukiwamo?"

"Mimi wa kwanza."

Akapapasa nyuma ya sikio. Kulikuwa na sigara nzima, ya akiba, aliyoisahau. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akaikabidhi kwa Mageni.

"Kizibiti hicho, mzee. Nikirudi nikikuomba, usinipe."

Akatia mdomoni mchembe, kipande cha kiazi kitamu kilichokaushwa, akawasha Land Rover, akaanza safari ya Nyahanga akitafuna.