Wali wa Kaa wa Binah

Harufu ya wali ulioungua ilianza saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha kusomea nyaraka, ambamo hata chupa ya maji hairuhusiwi. Verdell Gadson alikuwa peke yake mbele ya daftari la mapishi la Bi Harriet Lasseur, mke wa mwenye shamba wa zamani za utumwa, na mkononi alikuwa na penseli tu, maana wino nao ni marufuku mle. Bwana Hasell, mtunza nyaraka, alikuja akinusanusa hadi mezani kwake. Alimwambia afungue mkoba.

Verdell aliufungua huku damu ikimchemka. Ndani mlikuwa na miwani na funguo. Hasell akarudi kitini kwake bila hata kusema samahani. Watu wa aina hiyo hapa Charleston tunawajua: adabu zao zote zimeishia kwenye tai.

Kazi aliyopewa Verdell ilikuwa kulinakili daftari lile ili lichapwe kitabu, na humo alikuta wali wa kaa. Wali ule ulikuwa wa kwao. Mama yake, Bi Ernestine, bado anaupika kule kisiwani, mlango wa jiko umefungwa, na binti hufundishwa kwa kuonyeshwa mkono. Pishi lenyewe halisemwi wala haliandikwi. Sasa alikuwa akilisoma kwa mwandiko wa madaha wa mwanamke aliyeandika "wali wangu" na ambaye sidhani kama aliwahi kuosha hata kikombe. Ila hatua moja haikuwamo, ile inayokuja baada ya kuosha mchele. Kina Lasseur wote waliofuata walipika kwa daftari hilo, wakapata uji, wakailaumu sufuria.

Kila alipoufungua ukurasa ule, harufu ilirudi. Siku ya tatu ikaja na sauti, mwiko ukikwangua ukoko taratibu chini ya meza. Aliinama kutazama. Hapakuwa na kitu, lakini sakafu ilikuwa ya moto.

Siku ya nne, kwenye boksi jingine, alipata orodha ya watumwa wa shamba lile, ambako mababu zake nao walitumikishwa. Mstari wa kumi na mbili uliandikwa: Binah, mpishi. Verdell alilia kwa hasira. Akaipeleka orodha kwa Hasell na kumwambia jina la kwenye jalada libadilishwe, aliyepika ni huyu. Hasell akainua mabega. Familia iliyotoa daftari haitakubali, alisema, labda kama wali wenyewe ungepikika. Ampatie pishi lililokamilika, naye ataliweka jina la huyo mpishi wake.

Verdell alitoka hadi kwenye ngazi, akampigia mama yake simu na kumweleza.

"Usiandike," Bi Ernestine alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika. "Bibi yangu hakuandika, na kuandika alijua."

"Mama, wamemwibia. Nataka jina lake lionekane."

"Nami nakwambia liache, mwanangu."

Hakuliacha. Alirudi mezani, akaiandika hatua ile kwa penseli, maneno tisa tu, na juu yake akaandika BINAH.

Hapo joto likapanda kutoka sakafuni, likamtambaa miguuni, na taa zote zikiwa zinawaka, jua la saa nane limejaa dirishani, Hasell yuko hatua kumi tu pale akigonga mihuri yake, harufu ya ukoko ikamjaa Verdell mdomoni hadi akahisi masizi kwenye meno, mwiko ukakwangua chini ya meza, kisha ndani ya mbao, kisha chini ya kiganja chake, na alipotaka kuinuka mkono mkavu wenye kovu la moto ukamkamata kifundo cha mkono na kumrudisha kitini, na mwanamke akawa ameinama begani mwake, kilemba kimelowa mvuke, akiufuata ukurasa kwa kidole.

"Nani kakutuma?"

Verdell alinong'ona kwamba hakutumwa, kwamba yeye ni wa ukoo wake, kwamba amemrudishia jina.

"Jina langu walikuwa nalo siku zote. Waliliita mpaka likanichosha. Wali ndio hawakuwa nao." Kidole kikatua kwenye maneno yale tisa. "Miaka kumi na tisa yule mwanamke alisimama mlangoni kwangu na daftari lake, nitajie hiki, nitajie kile. Nikamtajia vyote isipokuwa hiki. Akanichoma mkono kwa kifuniko cha chungu, sikumtajia. Wewe hakuna aliyekuchoma."

Verdell alianza kuomba radhi.

"Basi hata nyie hamtakuwa nao," mwanamke alisema, akaufuta mstari ule kwa kidole gumba.

Joto likaisha. Karatasi ilikuwa nyeupe chini ya jina. Verdell akashika penseli aandike upya, potelea mbali, lakini mkono haukuenda. Aliliona akilini jiko la kwao, akauona mkono wa mama yake ukiinua mchele kwenye maji, na baada ya hapo hakuona chochote. Alijiambia ni hofu tu. Akatoka mbio hadi kwenye ngazi, na kabla hajabonyeza namba simu ikaita.

Alikuwa Bi Ernestine. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu.

"Mwanangu, nimeosha mchele, nimesimama nao hapa tangu saa nane. Hebu nikumbushe. Baada ya hapo huwa tunafanyaje?"