Siku Thelathini za Pikelet

Jamaa zangu, nyote mnaolaza kiumbe mwenye roho chini ya dari zenu, isikilizeni habari hii hadi mwisho wake, kwani haikumpata mtu mwovu. Ilimpata mtu mwema, na hapo ndipo penye kutisha.

Asubuhi za Juni mjini Ballarat, kusini mwa dunia ambako Juni ni majira ya baridi, huanza na barafu nyembamba juu ya majani, na moshi wa kuni ukitambaa juu ya mabati ya nyumba. Katika nyumba moja ya mbao, pembezoni mwa mji huo, aliishi Noelene Tregear, mjane wa miaka sabini aliyestaafu kazi ya upishi wa shule. Kila kulipokucha alichemsha chai yake, akaketi karibu na hita, na paka wake dume aitwaye Pikelet akampandia mapajani. Jina hilo alipewa kwa rangi yake, iliyofanana na vile vikeki vya kikaangoni ambavyo Noelene huvipaka siagi na jemu. Marehemu mumewe, Merv, ndiye aliyemleta miaka kumi na mitatu nyuma, ndani ya mfuko wa koti lake la kazi. Sasa Merv yumo kaburini, na sauti pekee iliyobaki kumjibu Noelene nyumbani mwake ni mkoromo wa paka yule.

Utulivu huo ulivunjwa na maji. Bakuli lililokuwa likijazwa mara moja kwa siku lilianza kukauka kabla ya adhuhuri. Siku moja Noelene alimkuta Pikelet ameingiza kichwa ndani ya chombo cha maua, akiyanywa maji machafu kwa pupa. Mchanga wa sanduku lake la haja ukalowa mithili ya udongo wa mfinyanzi. Alikula vizuri, hata akaomba nyongeza, na bado uti wake wa mgongo ulihesabika chini ya kiganja kama shanga uzini.

Siku hiyo hiyo Noelene aliipigia simu kliniki ya wanyama kuagiza dawa ya minyoo, na katika mazungumzo akatia mzaha: "Huyu bwana siku hizi anakunywa kama ngamia!"

Muuguzi hakucheka. "Mlete tumwone, mama."

"Nitamleta," alijibu, wala hakutaja siku.

Jumapili yake mdogo wake Lyle alikuja kula mwanakondoo wa kuoka. Lyle alikuwa ameuza magari makuukuu maisha yake yote, na aliamini kwamba kila karatasi ina mlango wa nyuma. Alimtazama paka akinywa, akaweka uma chini.

"Dada, huyu mzee umemkatia bima?"

"Bado. Merv alikuwa akisema bima ni ya magari."

"Basi usiikanyage kliniki! Daktari akiandika neno moja tu kwenye faili, umekwisha. Watakwambia maradhi yalikuwepo tangu zamani, na hawatoi kitu. Kata bima kwanza, subiri siku zao thelathini zipite, ndio umpeleke. Siku ya thelathini na moja anaumwa kama paka mwingine yeyote."

"Na akizidiwa katikati?"

"Roho ya paka hiyo, dada! Mwezi tu, atakwenda wapi?"

Keshoye Noelene alitandaza karatasi mbili za kampuni za bima juu ya meza ya jikoni. Kampuni ya kwanza ilikubali paka wazee kwa sharti la kupimwa kwanza na daktari. Maradhi yatakayogunduliwa yangewekwa kando, yasilipiwe, na mengine yote yangelipiwa. Kampuni ya pili haikutaka vipimo; ilitaka majibu ya maswali machache na kungoja siku thelathini. Jirani yake, Toula Karvelas, aliyekuja kunywa kahawa, alizisoma zote mbili kwa miwani iliyoshuka puani.

"Chukua hii ya kwanza, shoga. Paka wangu figo zake waliziweka kando, nikanuna kweli. Lakini alipovunjika mguu walilipa bila maneno. Hii ya pili inakufurahisha leo tu." Kisha akainama kumpapasa Pikelet, na mkono wake ukasita. "Mbona kakonda hivi?"

"Uzee. Kwani wewe ujanani ulikuwa hivyo ulivyo leo, Toula?"

"Mimi nimenenepa, mwenzangu! Huyu anayeyuka."

Wakacheka. Toula alipoondoka, Noelene aliichukua karatasi ya pili. Palikuwa na swali: je, umeona dalili yoyote ya maradhi kwa mnyama wako? Kalamu ilisimama hewani. Nyuma yake, Pikelet alikuwa akilamba tone lililoning'inia kwenye bomba la sinki. Noelene aliandika hapana, akaitia karatasi ndani ya bahasha ya posta, akaiendea kalenda ya kikosi cha zimamoto iliyotundikwa kando ya friji, akahesabu, akaizungushia siku ya thelathini duara jekundu.

Tangu hapo kila asubuhi alifuta siku moja kwa alama ya msalaba. Siku ya nane, manyoya yalikuwa yameshikamana mgongoni kama sufi iliyonyeshewa. Siku ya kumi na saba Pikelet aliacha kutembea kwa vidole vya miguu ya nyuma. Alikanyaga kwa visigino, akijiburura kama mzee aliyevaa kandambili. Noelene alilisogeza bakuli la maji karibu na hita ili safari iwe fupi, akampigia Lyle.

"Zimebaki kumi na tatu tu, dada. Vumilia."

"Anayevumilia si mimi, Lyle."

Alilisema hilo, akakata simu, na bado akangoja. Msidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Alimchemshia kuku na kumchambulia nyama kwa vidole vyake. Alimfunika kwa sweta ya Merv. Tena akiba ya kumtibu ilikuwako benki muda wote huo. Lakini hila ikishapata kiti moyoni huamrisha kama mwenye nyumba, na huruma ikageuzwa mtumishi wake: humpangusa mgonjwa, humlisha, humbembeleza, isipokuwa mlango wa tabibu haimfungulii.

Siku ya ishirini na sita Pikelet alimkataa kuku. Alitapika povu, akajikunja chini ya meza, na pumzi yake ikanuka utamu mbaya, kama matunda yaliyovunda kikapuni. Toula aliingia na malimau ya bustanini kwake, akasimama mlangoni.

"Harufu gani hii?" Akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. "Noelene! Huyu anakufa!"

"Zimebaki siku nne."

"Siku nne za nini?"

Noelene aligeukia friji. Toula aliinua macho, akaiona misalaba ya kalenda ikiandamana kuelekea duara jekundu, akaelewa.

"Umemfungia huyu ndani ya kalenda," alisema taratibu. "Lete kikapu chake. Naendesha mimi."

Daktari Ashwini, binti mwenye mikono ya upole, alimlaza Pikelet juu ya meza ya chuma na kumsikiliza moyo. "Ameanza lini kunywa maji mengi, mama?"

Jibu hilo Noelene alikuwa amelikariri kwa siku nyingi. "Juzi."

Daktari alitazama kompyuta yake. "Muuguzi wetu aliandika hapa wiki nne zilizopita. Ulisema anakunywa kama ngamia." Akakigeuza kiti wakatazamana. "Mama, siulizi kwa ajili ya bima. Nauliza nijue nimtibu vipi."

Hapo Noelene alilia, akayasema yote: zile karatasi mbili za bima, swali, kalenda, duara jekundu. Daktari hakumkemea, na pengine kukemewa kungalikuwa nafuu kwake.

"Ni kisukari," alisema baada ya kupima damu. "Mwezi uliopita ningekupa sindano za asubuhi na jioni na chakula cha namna yake. Paka wengi huishi nacho miaka. Bima ile ya kwanza ingekiweka kando, ndiyo, ila yeye angekuwa mzima nyumbani. Sasa damu imejaa asidi, na figo zimeanza kufuata. Nitajaribu."

Alijaribu siku mbili kwa maji ya kutiwa mishipani. Siku ya ishirini na nane, mchana, Pikelet aliweka kidevu chake kwenye kiganja cha Noelene, akakoroma mara moja, hafifu, kisha nyumba ya mjane yule ikawa haina tena wa kumjibu.

Walimzika chini ya mlimau wa Toula. Lyle alikuja na kofia mkononi. "Lakini dada, peleka madai. Hujui, huenda wakalipa."

"Nenda jikoni, Lyle. Kaitungue ile kalenda."

Alikwenda. Alikaa huko akiihesabu misalaba, kisha akarudi nayo mkononi.

Siku ya thelathini, ndani ya duara jekundu, mtu wa posta alitia barua sandukuni. Noelene aliisomea mlangoni, akiwa amesimama: *Hongera! Kuanzia leo, Pikelet amekingwa kikamilifu.*

FUNZO

Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humfichua. Bima si haramu wala si adui. Mwenye paka mzee na aitafute mapema, aisome hadi mstari wa mwisho, na aichague kampuni inayomwambia ukweli mchungu leo. Asinunue kinga kwa uongo, kwa maana uongo ule haulipwi na aliyeuandika, bali hulipwa na asiyejua kusoma. Dalili ikionekana, tabibu kwanza, karatasi baadaye. Na kila mlango tuliomfungia kiumbe, Mola atatuuliza ufunguo wake.

Siku hazina huruma, zipangwapo kwa hadaa,
Mnyama hana kusema, huumwa akazubaa,
Tabibu mwendee hima, dalili zikizagaa,
Ukweli ndio salama, uongo huzaa baa.